Kidonge cha Alfajiri Katika Nchi ya Chai

Wagonjwa wa tezi ya shingo wanaotumia levothairoksini, yaani homoni ya tezi hiyo iliyotengenezwa kidonge, huuliza swali moja kwa sura nyingi. Mmoja anasema akimeza kidonge asubuhi husikia baridi mpaka saa nne. Mwingine anasema akikimeza usiku moyo humwenda mbio na usingizi hukatika. Wa tatu amenunua kipimajoto, anajipima kutwa nzima, na kila akiona nyuzi 36.1 anajiambia dawa imeisha nguvu. Wote wanataka watajiwe saa. Wanakichukulia kidonge kama kikombe cha chai: unakunywa, unapata joto, unachangamka, kisha baada ya muda joto linaisha na mwili unarudi kuwa mzito.

Saa ina maana, ila si ile wanayoipa. Saa ya kumeza haiamui utajisikiaje adhuhuri ya leo. Inaamua ni kiasi gani cha dawa kitapenya kwenye utumbo na kuingia damuni, wiki baada ya wiki. Na katika kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya, kinachovuruga hesabu hiyo mara nyingi si saa yenyewe bali kilichomo kwenye sufuria saa hiyo.

Tezi hii, ambayo wengine huiita dundumio, iko mbele ya koo na hutengeneza homoni zake kwa iodini, au madini joto kama wanavyosema Watanzania. Nchi za milimani duniani kote ni maskini wa iodini, kwa sababu mvua ya karne nyingi huifua kutoka udongoni na kuipeleka baharini. Nyanda za juu za Kenya hazikuepuka. Uchunguzi uliofanywa Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 ulikuta rovu imeenea sana, na ndiyo maana Kenya iliifanya iodini kuwa lazima katika chumvi ya mezani mwaka 1978. Chumvi yenyewe hutoka zaidi pwani, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni kaskazini ya Malindi. Hatua hiyo ilifanya kazi, pengine kupita kiasi: watafiti waliopima mkojo wa wakimbizi kambini nchini humo miaka ya 2000 walikuta iodini imezidi, na iodini iliyozidi nayo huivuruga tezi. Viwango vya kisheria vilipunguzwa baadaye.

Naitaja historia hii kwa sababu ingali inawachanganya watu. Mgonjwa akiambiwa tezi yake imelegea, jamaa humshauri aongeze chumvi, aache kabichi na sukuma wiki, aache na ugali wa wimbi. Kabichi na jamii yake zina kemikali zinazoweza kuibana tezi, lakini kwa mtu anayekula chumvi yenye iodini na mboga iliyopikwa, athari hiyo ni ndogo mno. Tena wengi wanaomeza levothairoksini leo hawakosi iodini. Wapo waliokatwa rovu na kubaki bila tezi ya kutosha, kazi inayofanywa na wapasuaji katika hospitali kubwa kama Tenwek, hospitali ya kimisheni iliyoanzishwa Bomet mwaka 1937. Wapo ambao kinga ya mwili wao imeishambulia tezi, ugonjwa ulioelezwa na Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Wapo ambao tezi ililegea baada ya kujifungua. Wapo waliotibiwa tezi iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi, ikanyamazishwa moja kwa moja. Hao wote chumvi haiwasaidii. Wanahitaji homoni yenyewe.

Twende kwenye joto, kwa sababu hapo ndipo imani imeota mizizi. Homoni ya tezi kweli hupandisha joto la mwili: huziamuru seli zichome nishati zaidi, na joto ni matokeo ya uchomaji huo. Mtu ambaye tezi yake imelegea sana husikia baridi watu wengine wakijipepea, na hali ikifikia hatari kabisa joto la mwili huporomoka, akapoteza fahamu. Hayo hayana ubishi. Ubishi unaanza pale mtu anapochukua kipimajoto cha nyumbani na kukifanya hakimu wa dozi yake.

Joto la mwili halikai mahali pamoja. Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig aliyechapisha mwaka 1868 vipimo vya maelfu ya wagonjwa, ndiye aliyetuachia nyuzi 37. Watu waliishika namba wakasahau kwamba yeye mwenyewe alieleza jinsi joto linavyopanda na kushuka kila siku. Liko chini kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, linapanda mchana kutwa, linafika kileleni kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku. Tofauti ni kati ya nusu nyuzi na nyuzi moja. Kwa mwanamke huongezeka jingine: yai likishatoka, joto hupanda kwa theluthi moja hadi nusu ya nyuzi na kubaki juu mpaka hedhi. Na wastani wenyewe umeteremka. Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2020 kwamba Wamarekani wa leo wana joto la chini kuliko mababu zao wa karne ya 19, kwa hiyo aliye na nyuzi 36.5 si mgonjwa kwa sababu tu hajafika 37.

Sasa ongeza Kericho. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri nyumba ya mabati ina baridi inayoingia kwenye mifupa, na mchunaji wa majani chai hutoka nje jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, aingie kwenye mistari ya chai iliyojaa umande. Kabla hajajaza kikapu nusu, aproni ya plastiki imelowa, vidole vimekufa ganzi. Adhuhuri jua linachoma. Alasiri mvua inarudi, mara nyingi na mawe, kwani vilima vya Kericho na Nandi vinajulikana duniani kwa wingi wa siku za mvua ya mawe. Mtu huyu akijipima kwapani saa kumi na moja alfajiri na tena saa kumi na moja jioni, ataona namba mbili zilizopishana sana, na hakuna kidonge hata kimoja kinachohitajika kuzieleza.

Daktari Mmarekani Broda Barnes aliandika mwaka 1942 kwamba joto la kwapani, likipimwa kitandani kabla ya kuamka, lafichua tezi iliyolegea, na baadaye akaieneza fikra hiyo kwa kitabu cha umma. Tazama saa aliyoichagua: ni saa ambayo kila mwili uko chini kabisa. Na kwapa husoma chini ya mdomo. Wapange majirani wote wa Kapkoros, Bomet, wapimwe hivyo Julai, mwezi wa baridi, na utapata kijiji kizima cha wagonjwa. Mmarekani mwingine, Denis Wilson, alikwenda mbali zaidi: aliliita joto la chini ugonjwa, akaupa jina lake, akautibu kwa dozi za kupanda za homoni ya tezi yenye nguvu, iitwayo T3, huku kipimajoto kikiongoza. Mgonjwa mmoja alifariki, na bodi ya madaktari ya Florida ikamsimamisha mwaka 1992. Chama cha wataalamu wa tezi cha Marekani kimeukataa ugonjwa huo. Bado unauzwa.

Kuna sababu nyingine ya kutokitumia kipimajoto hivyo huku. Mashamba ya chai ya Kericho yamepata milipuko ya malaria ya nyanda za juu kwa miongo mingi, kiasi kwamba rekodi za hospitali za mashamba zimekuwa uwanja wa mabishano ya wanasayansi kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38, au ukitetemeka chini ya blanketi mbili, usikae ukihesabu vidonge. Nenda ukatolewe damu.

Kwa nini basi kidonge cha asubuhi hakiwezi kuleta joto la adhuhuri? Kwa sababu levothairoksini ni ya polepole mno. Ni homoni T4, ambayo mwili huihifadhi na kuigeuza kidogo kidogo kuwa T3, iliyo na nguvu. Ukimeza leo, nusu ya kilichoingia damuni bado imo mwilini baada ya wiki moja. Saa mbili hadi nne baada ya kumeza, T4 hupanda damuni kwa takriban asilimia 15 hadi 20, kisha hushuka. T3, ile inayochoma nishati, huwa haitikisiki. Ukisahau siku moja, hakuna kitakachoanguka. Ndiyo maana daktari akikubadilishia dozi hukuambia urudi baada ya wiki sita hadi nane. Si uzembe wa kliniki. Kabla ya hapo mwili haujatulia.

Msomaji atasema: lakini mimi naona tofauti. Naamini anaona. Swali ni tofauti ya nini. Australia mwaka 2006, watafiti waliwachukua wagonjwa 56 waliokuwa kwenye dawa, wakawapa kwa zamu dozi zilizopishana kwa mikrogramu 25 bila mgonjwa wala daktari kujua ni ipi. Vipimo vya damu vilibadilika kama ilivyotarajiwa. Hali ya moyo, uchangamfu, uchovu, vyote havikubadilika. Mwaka 2018 Marekani ikarudia kwa watu 138, na hapo ndipo pananivutia zaidi: wagonjwa hawakuweza kutambua dozi yao imepandishwa au imeshushwa, lakini waliipenda zaidi ile waliyodhani ni kubwa. Ikiwa mikrogramu 25 kila siku kwa miezi haisikiki, kukihamisha kidonge kilekile kutoka saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi kutasikika wapi?

Wapo wachache ambao hoja hii haiwagusi, nao ni wale wanaomeza T3 yenyewe au unga wa tezi ya nguruwe, ambao una T3 ndani. T3 hupanda haraka, hufika kileleni kwa saa mbili hadi nne, na hushuka siku hiyohiyo. Hao wanaweza kusikia moyo ukipiga na jasho likitoka saa kadhaa baada ya kumeza. Dawa hizo hazionekani sana kwenye maduka ya dawa ya mashambani.

Hali ya moyo ni jambo gumu kuliko joto, na sitalipunja. Richard Asher, daktari wa London, alieleza mwaka 1949 wagonjwa 14 waliokuwa na wazimu wa kweli kwa sababu tezi ilikuwa imekufa bila mtu kugundua. Wengi walipona kwa homoni. Tezi iliyolegea huleta uzito wa mawazo, kusahau, kulala bila kushiba usingizi, na sonona inayofanana na sonona nyingine yoyote. Hospitali inayomtibu mtu sonona bila kuwahi kumpima tezi imeacha jambo rahisi. Mwaka 1999 utafiti mdogo wa Lithuania, wa watu 33, ulidai kwamba kuchanganya T3 na T4 huinua moyo kuliko T4 peke yake. Dunia ilichangamka, lakini majaribio mengi yaliyofuata hayakuthibitisha hilo. Wapo wagonjwa ambao damu yao imekaa sawa na bado wanajiona wazito, na madaktari wengi hawajui wawafanyie nini. Hilo lipo.

Ila mtu aliyetibiwa vizuri akawa bado mchovu jioni, ana mambo mengine ya kuangalia kabla ya kubadili saa ya kidonge. Mwanamke aliyeinama kwenye chai tangu alfajiri, anayelipwa kwa kilo, mwenye damu pungufu kwa hedhi na uzazi, aliyekunywa chai na mandazi tu mpaka saa nane, atakuwa mzito saa kumi hata akiwa na tezi ya mwanariadha. Nongwa ya bonasi nayo ipo: wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba malipo yao ya mwisho wa mwaka ni madogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Levothairoksini haitibu bonasi.

Sasa chai. Hapa ndipo saa inapokuwa na uzito wake halisi.

Dawa hii hunyonywa kwenye utumbo mdogo, na hata hali ikiwa nzuri ni asilimia 60 hadi 80 tu inayoingia. Inapenda tumbo tupu na maji matupu. Chakula huizuia, na vinavyoizuia zaidi ni kalsiamu, chuma, dawa za kiungulia na nyuzinyuzi za mbogamboga. Sasa itazame chai ya Kericho. Haifanani na ya Kiingereza, ambayo ni maji ya moto na tone la maziwa. Ni maji na maziwa karibu nusu kwa nusu, majani na sukari vikitiwa humohumo, vichemke mpaka vifure na kutishia kumwagika. Kikombe kimoja kikubwa, au viwili, pamoja na mkate au kiazi kitamu. Chai hiyo ni chakula.

Marekani mwaka 2018 watu kumi walipewa T4 kwa maji, na siku nyingine kwa glasi ya maziwa ya ng'ombe. Kilichonyonywa kilipungua kwa takriban asilimia 8. Ni kidogo, lakini ni maziwa peke yake. Utafiti wa 2009 uliolinganisha nyakati ulikuwa na picha kubwa zaidi: waliomeza tumbo tupu walikuwa na TSH ya wastani wa 1.06, waliomeza pamoja na kifungua kinywa walikuwa na 2.93. TSH ni homoni inayotoka chini ya ubongo na kuichochea tezi, na hupanda pale homoni ya tezi inapopungua, kwa hiyo namba kubwa maana yake dawa kidogo imeingia. Kahawa imethibitika kuzuia. Waitalia walionyesha hivyo mwaka 2008 kwa ekspreso. Turungi, yaani chai isiyo na maziwa, haijapimwa kwa kina kama kahawa, lakini ina kemikali za ukakasi zinazoshikana na vitu tumboni, na sioni sababu ya kuipa heshima ambayo kahawa haikupata.

Kwenye bahasha ya dawa mgonjwa huandikiwa 1×1, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Hakuna saa, hakuna neno juu ya chai. Mazungumzo kwenye dirisha la dawa huwa mafupi:

"Mama, hizi unameza moja kila siku."

"Asubuhi, daktari?"

"Asubuhi, ndiyo. Usikose."

"Na chai?"

"Ni sawa, bora umeze."

Hilo la mwisho ndilo lenye matata, ingawa lina busara ya aina yake: kumeza na chai ni bora kuliko kutomeza. Na mtu anayemeza na chai ileile kila siku anaweza kutulia kabisa, kwa sababu daktari ataongeza dozi mpaka TSH ikae mahali pake. Tatizo ni pale chai inapobadilika. Kiangazi cha Januari hadi Machi nyasi hukauka, ng'ombe hupunguza maziwa, na nyumba nyingi hurudi kwenye turungi au maziwa ya kupima kwa kijiko. Dozi iliyopangwa kwa chai nzito sasa yaweza kuingia kwa wingi zaidi, na mgonjwa akaanza kutetemeka mikono na kusikia moyo. Mvua za Aprili zikija, maziwa yanarudi, anakuwa mzito tena. Yeye atasema dawa imebadilika, au hewa. Ratiba moja isiyobadilika, dawa na maji, inamwondoa kwenye mzunguko huo.

Ratiba hiyo haihitaji saa ya ukutani. Kwa anayepikia mafiga matatu, kuanzia kukoleza kuni mbichi hadi chai kufura ni nusu saa au zaidi, na hiyo ndiyo nafasi inayohitajika; nusu saa hadi saa nzima kati ya kidonge na kinywaji. Kidonge kikae kando ya kiberiti. Ukiwasha moto, umeze na maji, ndipo ubandike sufuria. Gesi imebadilisha hesabu hiyo. Nyumba za Litein na Kericho mjini zinazopika kwa mtungi wa kilo sita hupata chai kwa dakika kumi, na anayemeza kidonge akiwasha gesi atakuwa anakunywa chai dawa ingali tumboni. Huyo itabidi aamke, ameze, kisha aoge na kuwaandaa watoto kwanza. Ukiniuliza nani ana nafasi nzuri zaidi ya kumeza dawa hii vizuri, ni yule mwenye moshi jikoni.

Usiku je? Uholanzi mwaka 2010, katika jaribio la watu 90, kumeza wakati wa kulala kulishusha TSH kwa pointi 1.25 ukilinganisha na asubuhi, maana yake dawa zaidi iliingia. Lakini ubora wa maisha haukubadilika, na hilo linarudia hadithi ileile. Ule utafiti wa 2009 ulipata kinyume: usiku ulikuwa katikati, na TSH ya 2.19. Nadhani jibu limo kwenye chakula cha jioni. Mholanzi hula mapema, saa kumi na mbili, na kulala saa tano. Nyumba ya Bomet hungoja mpaka wote wamerudi, ng'ombe wakamuliwe, ugali usongwe. Watu wanakula saa mbili au tatu, mursik, yale maziwa yaliyochachuka, ikafuata, na baada ya nusu saa taa zimezimwa. Tumbo la saa tatu na nusu usiku limejaa maziwa kuliko la alfajiri. Ushauri wa kumeza usiku una sharti la kungoja saa tatu baada ya chakula, na kwa wengi huku sharti hilo halitimii. Kwa mlinzi wa usiku wa kiwanda cha chai, ambaye mlo wake mkuu ni wa mchana, laweza kutimia vizuri sana.

Wenzetu Waislamu wa Mombasa, Zanzibar na Oman hupitia jaribio hili kila mwaka bila kuandikiwa. Ramadhani inaondoa asubuhi kabisa. Wapo wanaomeza kwa maji wakati wa kufuturu na kungoja kidogo kabla ya chakula, jambo linalotaka subira ya kipekee baada ya siku nzima. Wengine humeza usiku wa manane, tumbo limetulia baada ya futari, kabla ya daku. Tafiti za nchi za Kiislamu zimeona TSH ya baadhi ya wagonjwa ikipanda mwezi huo, na njia yoyote inayolinda tumbo tupu hufaa. Sikukuu ikiisha, kila mtu hurudi kwenye alfajiri yake.

Kuhusu virutubisho vya "kusaidia tezi" vinavyouzwa kwa mitandao na madukani, sina maneno mengi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 10 za namna hiyo: 9 zilikuwa na T3 na 5 zilikuwa na T4, homoni zisizotajwa kwenye lebo. Anayezichanganya na dawa ya hospitali hajui anameza nini, na hapo ndipo joto na moyo vinaweza kweli kuyumba kwa siku. Vingine ni mwani uliojaa iodini. Vya nywele na kucha huwa na biotini nyingi, ambayo haibadilishi tezi bali huidanganya mashine ya maabara; achana navyo siku kadhaa kabla ya kupimwa. Na siku ya kupimwa, damu itolewe kabla ya kidonge cha siku hiyo, wala usiogope TSH ya asubuhi na mapema kuwa juu kidogo kuliko ya alasiri. Nayo ina mzunguko wake: hupanda usiku wa manane na kushuka mchana.

Kundi moja ndilo ambalo saa ni jambo la haraka kwao kuliko wote: wajawazito. Mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi mitatu ya kwanza, kabla tezi yake haijaanza kazi sawasawa, na ubongo wake unajengwa wakati huohuo. Mahitaji ya mama hupanda kwa robo hadi nusu. Wataalamu humshauri aliye kwenye dawa aongeze vidonge viwili kwa wiki mara tu mimba ikithibitishwa, kisha apimwe. Lakini kliniki ya wajawazito humpa pia vidonge vya chuma na foliki, na chuma ndicho adui mkubwa wa levothairoksini. Mwaka 1992 wagonjwa 14 walipewa vyote viwili kwa pamoja kwa wiki 12, na TSH yao ya wastani ikapanda kutoka 1.6 hadi 5.4. Mama anayefuata maelekezo kikamilifu, akameza vyote kwa kikombe kimoja cha chai asubuhi ili asisahau, anaipoteza dawa ya tezi, na chuma pia, kwani chai huzuia chuma vikali. Vitenganishwe kwa saa nne angalau: tezi alfajiri na maji, chuma usiku na maji. Wengi nchini hufika kliniki ya kwanza mimba ikiwa imepita miezi mitatu, jambo ambalo kwa mama aliye kwenye levothairoksini limechelewa. Yeye aende wiki ileile hedhi inapokosekana, akiwa na bahasha zake zote mkononi, na amwambie mkunga kabla hajaulizwa.